Simu Isiyozimwa

Mkonze, Dodoma
27 Aprili 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za huko nyumbani, za mbuzi, za goti lako la kushoto? Sisi huku tu wazima, ila miguu yangu imevimba mpaka nimeazima kandambili za Abdulrahim. Naenda nazo hata ofisini Mtumba na hakuna aliyethubutu kuniuliza.

Usishangae kuona barua. Tangu nirudi huku baada ya Idi nakupigia, na yule dada wa kwenye simu ananijibu kila siku kwamba hupatikani. Mwanzoni nilidhani ni mtandao. Nikampigia Halfani dukani, akaniambia, "Mama yako mzima kabisa, jana kapita hapa kununua sabuni, simu kaining'iniza shingoni na inawaka." Sasa simu inawaka na wewe hupatikani, hiyo inakuwaje? Nikamwomba akuletee simu yake tuongee, akasema alikuletea ukamwambia una haraka. Mama, wewe na haraka wapi na wapi?

Basi nimechukua kalamu. Mazengo, yule kondakta wa basi linalopita Kondoa, amekubali kubeba bahasha na kuiacha kwa Halfani pale Kolo. Ukijibu, mpe yeye.

Jambo lenyewe ni hili. Daktari amesema mtoto ni katikati ya Julai. Nakuomba uje mapema, uwepo nikijifungua, ukae nami mpaka nitoke arobaini. Najua kwetu mtoto wa kwanza ningekuja mimi nizalie kwako, lakini presha yangu inapanda na kushuka, na daktari hataki niwe mbali na hospitali. Abdulrahim amepaka chokaa kile chumba alichokuwa akilala Baba. Mama yake amejitolea kuja kutoka Handeni. Ni mtu mzuri sana, lakini simtaki. Nakutaka wewe.

Naogopa, Mama. Ofisini nacheka, nyumbani nacheka, lakini naogopa.

Mwanao,
Ikram

*

Mnenia, Kondoa
6 Mei 2025

Kwako mwanangu Ikram,

Marahaba. Barua nimeipata, inanuka vitunguu maana Mazengo kaisafirisha juu ya gunia. Mwandiko wako umeharibika. Mtoto niliyemfundisha mwenyewe kuandika "baba" na "bata" kwa kijiti mchangani, leo herufi zake zimelala chali! Hizo kompyuta zenu za Mtumba zitawamaliza.

Nimefurahi kusikia mtoto anakuja Julai. Kuogopa ni kawaida, hata mimi nilikuogopa wewe kabla hujafika, na ulipofika nikaona nilikuwa na haki.

Kuhusu kuja, mwanangu, mambo yamenibana. Ndege wamevamia mtama. Nisipokuwepo shambani na manati na debe la kupiga, tutavuna mabua. Halafu yule mbuzi mweupe ana mimba na huwa anazaa kwa shida. Halafu goti. Mama mkwe wako mwache aje. Ni mtu mzima, anajua kukanda, anajua uji, na mkwe ukimkubalia jambo moja la namna hii hatakusumbua maisha.

Nakutumia samli, unga wa ulezi na asali ya nyuki wadogo. Asali ni yako wewe, mtoto akija usimlambishe, manesi wa siku hizi wanakataza na safari hii nakubaliana nao.

Mambo ya simu tuyaache. Simu ni nzima.

Mama yako,
Swaumu

*

Mkonze
17 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Samli imefika, unga umefika, asali Abdulrahim anailamba akidhani simwoni.

Lakini Mama, mtama unavunwa Juni na mtoto anakuja Julai. Na yule mbuzi mweupe Halfani ananiambia ameshazaa, tena mapacha, na walikuwa wanarukaruka wakati wewe unaniandikia kwamba ana mimba ya shida. Goti najua linauma, lakini ni goti lile lile lililopanda mlima Idi ile kumfuata kuku aliyetoroka.

Niambie ukweli, nimekukosea nini? Nimekaa nikawaza, nikaona ni siku ya pili ya Idi. Nilishika simu yako nikakuambia imejaa, nikasema futa hizi sauti za zamani, ndizo zinazokula nafasi. Ukaichukua mkononi mwangu, ukaingia ndani. Nilidhani umekwenda kuswali. Tangu siku hiyo hujanipigia wala hupatikani. Kama nilikuingilia kwenye mambo yako, nisamehe. Sikuwa na nia mbaya, ni mdomo wangu tu wa ofisini.

Au ni kwa sababu sikuja kuzalia nyumbani? Au ni kwa sababu Baba alifia huku kwangu na si kwako? Hilo nalo naliwaza, Mama, na likinijia siwezi kula.

Halfani anasema siku hizi huendi mbali. Anasema kwenye harusi ya ng'ambo ya bonde uliondoka kabla pilau haijaletwa. Wewe, Mama? Uache pilau? Nimemsomea Abdulrahim hiyo sehemu, naye akasema basi kweli kuna jambo.

Mama mkwe sijamwambia aje. Nasubiri jibu lako.

Ikram

*

Mnenia
28 Mei 2025

Mwanangu,

Halfani ana mdomo. Mwambie achunge duka lake, sukari yake ina sisimizi.

Sina hasira na wewe. Ondoa hilo moyoni kabisa, na ule. Baba yako alifia mahali alipopendwa, na mimi nakushukuru kwa kila bakuli la uji ulilompa. Sijawahi kulisema hilo, sasa nimelisema.

Ila nisikilize. Kuna kitu hapa nyumbani nakitunza. Nikikiacha siku moja tu kinapotea, na kikipotea hakuna binadamu wa kunirudishia. Usiniulize ni nini, utaniona mjinga na mimi sitaki kuonwa mjinga na mtoto niliyemzaa. Ningekuwa na mahali pa kukiacha ningekuja leo kwa miguu.

Mwambie mama mkwe wako aje. Nimeandika neno hilo nalia, ndiyo maana wino umechuruzika. Usidhani ni mvua, mvua iliisha kitambo.

Mama yako

*

Kolo, kwa Halfani
9 Juni 2025

Kwa mwanangu Ikram,

Ni mimi mama yako mdogo, Mwantum. Idi imepita salama, tumechinja, tumekula. Naandika nimekalia gunia la chumvi dukani, na dada hajui. Akijua itabidi nihame Mnenia, kwa hiyo barua hii ukiisoma uitie jikoni.

Nimechoka kumwangalia dada anavyojitesa. Nitakueleza kinachomzuia.

Baba yako alipokuwa kwako akitibiwa, kila siku alimtumia dada ujumbe wa sauti. Wewe labda ulijua anatuma, hukujua anasema nini. Hasemi chochote! "Swaumu, umekula? Mbuzi wameingia? Lile bati la jikoni limepigiliwa?" Basi. Na simu yake mwenyewe si ilipotea kwenye heka heka za msiba? Kwa hiyo sauti yote ya shemeji Athuman iliyobaki duniani imo kwenye simu ya dada. Kila jioni anaketi jikoni anamsikiliza akimuuliza kama amekula.

Sasa kwa nini anaogopa? Asubuhi ile baba yako anaondoka kuja kwako, nilikuwepo. Walikaa barazani wakisubiri gari, dada akamwambia, nisimulie habari ya jogoo, nikurekodi. Unaijua, sote tunaijua. Kijana Athuman kanyeshewa, kajibanza barazani kwa baba yetu. Baba katoka, kamuuliza umefuata nini. Naye keshamwona dada anapepeta, kachanganyikiwa, kasema nimekuja kununua jogoo. Akauziwa jogoo. Wiki ya pili huyo, amekuja tena kununua jogoo. Wiki ya tatu, jogoo! Anasimulia tunacheka, halafu akafika mahali akasema, "Sasa Swaumu, kuna jambo la yule jogoo sijawahi kukwambia. Kila nilipofika naye kule bondeni…" Simu ikazima. Betri.

Tulikimbilia kuichaji, tukaiwasha, hamna kitu. Kama vile hakufungua mdomo. Na gari nalo lilishafika linapiga honi. Baba yako akacheka, akasema, "Nitamalizia nikirudi." Akapanda. Aliporudi alirudi kwenye jeneza.

Tangu hapo dada anaamini simu ikizima inameza vyote vilivyomo. Haijazimwa tangu tuzike. Betri nayo imechoka, haifiki saa nane mchana bila kuchomekwa, kwa hiyo dada hawezi kwenda mahali ambapo hakuna sola. Ndiyo pilau aliyoiacha hiyo. Halafu Idi ukamwambia simu imejaa, afute sauti. Hapo ndipo alipochanganyikiwa zaidi. Anasema kila kipya kikiingia kinasukuma cha zamani kitoke, kwa hiyo akamwambia Halfani afunge mtandao wote, na Halfani akabonyeza ile alama ya ndege, akaapishwa asikuambie. Ndiyo maana humpati, mwanangu. Anakufungia wewe mlango ili baba yako asitoke.

Mimi sijui simu. Wewe unajua. Fanya jambo.

Mama yako mdogo,
Mwantum

*

Mkonze
14 Juni 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Kwanza, mama mdogo Mwantum hajaniambia chochote. Pili, barua yake nimeitia jikoni.

Mama, nimelia ofisini mbele ya bosi wangu. Siku ile ya Idi niliona tu mlolongo wa sauti, sikuangalia zimetoka kwa nani. Ningejua, nisingekuambia ufute hata moja. Ningekaa nawe jikoni tuzisikilize.

Sasa nisikilize mimi, maana hili ni la kwangu na nalijua.

Ndani ya simu kuna sehemu mbili, na watu wengi hata huku ofisini wanazichanganya. Chukua ungo wako na kihenge chako cha mtama. Unapopepeta, mtama uko kwenye ungo. Ni mahali pa kazi. Unaugeuza, unauchambua, kila kitu kiko mbele ya macho, lakini upepo ukija ghafla au mtu akikugonga kiwiko, vyote vinamwagika. Simu nayo ina ungo wake. Chochote inachokifanya saa hiyo, ujumbe unaouandika, sauti inayorekodi, kiko juu ya ungo. Ikizima, ungo unapinduka. Ikiwaka tena inaanza na ungo mtupu.

Lakini mtama ukishaupepeta unaumimina kwenye kihenge. Uende shambani, ulale, usafiri, mtama umo. Simu nayo ina kihenge. Picha iliyokwisha kupigwa, ujumbe uliokwisha kuingia, sauti iliyokwisha kurekodiwa na kufungwa, vyote vimo kwenye kihenge. Zima simu, iache mwaka mzima sandukuni, iwashe, utavikuta.

Sasa ile habari ya jogoo. Baba alikuwa bado anasema. Hakuwa amemaliza, nawe hukuwa umebonyeza kuihifadhi. Ilikuwa bado kwenye ungo, Mama. Betri ikaisha, ungo ukapinduka. Hukukosea kuona, uliona sawasawa kabisa. Ulichokosea ni kudhani na kihenge kilipinduka. Zile jumbe alizokutumia kutoka huku hazijawahi kukaa kwenye ungo wako zaidi ya pale unapozisikiliza. Ziko kwenye kihenge tangu siku zilipoingia.

Na hiyo kujaa niliyokuambia ni kihenge kimejaa. Kihenge kikijaa, mtama mpya hausukumi wa chini utoke, au vipi? Unakataa tu kuingia. Simu ni hivyo hivyo. Itakataa kupokea kipya, lakini cha zamani haigusi mpaka wewe mwenyewe utie mkono. Ukija nitazinakili zote kwenye kadi ndogo, na kwenye kompyuta, ziwe kwenye vihenge vitatu.

Abdulrahim anasema mtu haachi hofu kwa sababu ya barua, kwa hiyo amekununulia pawabenki. Ndicho hicho kibao cheusi. Kichomeke kwenye sola kijae, kisha kichomeke kwenye simu, kitaibeba mpaka Dodoma na kurudi. Njoo na simu inayowaka au iliyozima, mimi nakutaka wewe.

Na la mwisho. Mama, mimi najua alichomfanya yule jogoo.

Alinisimulia hapa Mkonze, katika chumba hicho chenye chokaa, namkanda miguu. Akasema, mama yako hajui hili, nikirudi nitamwambia. Nilidhani ulishayajua mengine yote na hilo ni dogo. Sasa najua. Ila sitakuandikia, wala sitamwambia Halfani. Njoo nikusimulie.

Mwanao,
Ikram

*

Mnenia
24 Juni 2025

Kwako Ikram,

Umeniweza. Nani kakufundisha ujanja huu? Nusu ni baba yako, na nusu nyingine sitaki kusema.

Mwantum nimemnyamazia siku nzima na jioni nikampelekea mlenda, maana bila yeye mlenda hauliki.

Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kukatika pale penye mkunjo. Ungo nimeuelewa, kihenge nimekielewa. Nilikaa hapa barazani nikaishika simu, nikasema leo naizima nione. Kichwa kimeelewa lakini kidole kinakataa. Kama umekosea je? Wewe utaniambia pole, Mama, na mimi nitarudi jikoni kumsikiliza nani? Usinicheke.

Kwa hiyo nitakuja, na simu nitakuja nayo ikiwaka. Kibao nimekichomeka, taa zake nne zote zinawaka. Mtama tunamalizia kupura. Tarehe kumi Julai niko kwenye basi. Mama mkwe wako mwambie namsalimu na asante, nitakuja mwenyewe.

Huwezi kuniandikia hata nusu ya habari ya jogoo?

Mama yako,
Swaumu

*

Dodoma
2 Julai 2025

Mama, shikamoo.

Ni mimi mkweo Abdulrahim. Ikram presha imepanda sana leo, nimetoka Kizota kazini mbio kumpeleka hospitali. Wamemlaza. Wanasema wakisubiri ni hatari kwake na kwa mtoto, kesho wanamfanyia upasuaji. Anakuulizia wewe tu.

Simu yako haipatikani. Halfani yuko Babati kununua mali, duka limefungwa. Kikaratasi hiki Mazengo ameahidi kumpa bodaboda pale Kolo akufikishie mlangoni. Mama, njoo na basi la asubuhi. Nakuomba.

Abdulrahim

*

Mkonze
30 Agosti 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Najua sasa unapatikana na ningeweza kupiga, lakini mkono umeshazoea kalamu. Na kuna mambo kwenye simu hayasemeki, mtu unaishia kuuliza hali ya hewa.

Nyumba imepoa tangu uondoke juzi. Mtoto analia saa ile ile uliyokuwa ukimwogesha, nikimwimbia mimi ananikodolea macho kama mkaguzi. Abdulrahim anasema nimwite kwa jina lake lote ataitika. Nimemwita, "Mwantum binti Abdulrahim!" Akapiga chafya. Umesahau kanga yako ya zambarau na sitairudisha, analala nayo.

Kadi ndogo niliyotia kwenye simu yako ina sauti zote za Baba, na kwangu ziko, na kwa Abdulrahim ziko. Na ndani ya simu yenyewe ziko pale pale zilipokuwa. Hakuna iliyotoka.

Mama, kuna mawili sikuyauliza. Wewe uliondoka huko asubuhi ile na mimi nilikuwa nimelazwa sijitambui. Nilipofumbua macho nilikukuta umembeba mtoto na simu huna. Sijui safari ilikuwaje. Na la pili, nilipokusimulia habari ya jogoo ulicheka mpaka ukalia, nikakuuliza una nini, ukasema nitakwambia nikifika nyumbani. Umefika.

Mwanao,
Ikram

*

Mnenia
7 Septemba 2025

Kwako mwanangu Ikram,

Marahaba. Nimefika salama, mbuzi wamenisahau ila yule mweupe. Mwantum mkubwa anatembea kijiji kizima kama amejifungua yeye. Kila anayemkuta anamwambia amepewa jina. Nikimwambia umepewa jina kwa umbea, anasema hata hivyo limeshaandikwa kwenye cheti.

Haya, safari.

Yule bodaboda alifika nikiwa naosha vyombo vya jioni. Nilisoma kikaratasi nimesimama. Alfajiri tulikuwa barabarani Kolo mimi na Mwantum aliyenisindikiza, nina mfuko wa nguo, samli, na simu shingoni. Nikapanda. Tulipofika Kondoa mjini nikashika mfuko kutafuta kibao, hakipo. Nikakiona kwa akili kabisa, kiko dirishani, nimekichomeka jana yake kijae vizuri, na taa zake nne zinawaka.

Simu ilikuwa imebaki na kamstari kekundu. Jua la jana yake lilikuwa dogo.

Basi lilisimama pale stendi watu wananunua chai. Ningeweza kushuka. Ningeweza kutafuta duka la kuchajia, nikakaa pale mpaka ijae, nikapanda basi la mchana. Mazengo aliniona nimesimama katikati ya viti, akaniuliza, "Mama, unashuka?" Nikawaza mambo mengi, mwanangu. Nikawaza wewe mezani kwa madaktari unaniulizia. Nikawaza baba yako. Nikajua kabisa angesema nini, maana nilimjua kabla ya simu. Angesema, "Swaumu, kaa chini, unazuia watu njia." Nikakaa.

Ilizima tulipofika Msalato, pale unapoanza kuuona uwanja mpya wa ndege. Ilitetemeka kidogo kifuani kwangu kisha ikanyamaza. Nilidhani nitapiga kelele. Sikupiga. Niliivua shingoni nikaitia mfukoni chini ya samli, nikaanza kukuombea dua wewe, na sikuacha mpaka mlango wa hospitali.

Abdulrahim alikuwa kwenye korido, macho mekundu. Alikuwa ameshamwadhinia mtoto sikioni kama inavyotakiwa. Akanipokea mfuko, akaiona simu, masikini mkwe wangu, akasema, "Mama, imezima! Nina chaja hapa, nikuchajie?" Nikamwambia iache hiyo, nipe mtoto. Ndivyo ilivyokuwa. Siku ile tulipoiwasha pamoja kitandani kwako, nawe ukanishika mkono, ulidhani unanituliza. Mimi nilikuwa nimeshaagana nayo. Baba yako alipotoka mle na kuniuliza kama mbuzi wameingia, nililia kwa sababu nilipewa kitu nilichokuwa nimekwisha kukitoa.

Sasa jogoo.

Uliniambia kwamba kila alipofika naye bondeni, alimwachia kwa makusudi arudi kwetu, ili baba yangu asije akaishiwa jogoo wa kumuuzia, na yeye akakosa sababu ya kuja. Sikiliza. Yule jogoo nilimjua. Mara ya kwanza aliporudi nilimwona mimi peke yangu, jua linazama, anapanda kilima kwa madaha. Nikamfunga uzi mwekundu mguuni. Wiki iliyofuata baba akamuuza tena, na jioni huyo, na uzi wake. Nilikuwa namficha kwenye banda la bibi mpaka asubuhi, kisha namchanganya na wengine ili baba asishtuke.

Nilidhani anamponyoka! Miaka yote hiyo, Ikram, niliamini nimeolewa na mwanamume asiyeweza kushika jogoo. Nilimkubali nikimwonea huruma. Nikasema huyu kijana wa watu ni mzembe lakini ana moyo, hachoki kujaribu, nikimwacha nani atamtazama? Na sikumwambia kamwe kwamba nilimwona jogoo akirudi, nisije nikamwaibisha. Yeye alificha ujanja wake, mimi nikaficha huruma yangu, tukala sahani moja mpaka uzeeni. Kumbe kila jioni nilipokuwa nampokea yule jogoo nilikuwa napokea salamu zake.

Ungeniandikia hilo kwenye barua ningelisoma. Kwa mdomo wako, na mtoto amelala katikati yetu, nililisikia kwa sauti ya baba yako. Asante kwa kunitunzia. Na mimi nimekaa jana barazani nikaisimulia yote kwenye simu, tangu mvua mpaka uzi mwekundu, Mwantum akicheka nyuma. Nilipomaliza nikabonyeza kuihifadhi kabla sijavuta hata pumzi. Imo kwenye kihenge. Mtoto akikua asikilize mwenyewe.

Siku hizi naichaji nikikumbuka. Juzi betri iliisha, baba yako akiwa katikati ya kuniuliza. Kioo kikawa cheusi mkononi mwangu. Sikuinuka kuitafutia chaja. Nikamjibu kwamba nimekula, nikafunga mlango, nikalala.

Mama yako,
Swaumu